Njia ya Panya Moyoni Mwangu

Miaka mitatu niliitwa mvivu. Naanza na hilo kwa sababu watu wa siku hizi wakisikia mvivu wanacheka. Wakati wa Ujamaa, kijijini kwetu Bugwema, mvivu lilikuwa neno zito kuliko mchawi. Mchawi alikuwaga anaogopwa, hata salamu anapewa mapema. Mvivu aliitwa kupe mbele ya mkutano, na kwa wafugaji hakuna asiyejua kupe akipatikana anafanywa nini.

Sikuwa mvivu. Nilikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, nimezaa wanne, nalima pamba, nalima mtama, natwanga udaga wa muhogo, na nyumba yangu niliikandika mwenyewe tulipohamishiwa kwenye mistari ya nyumba za kijiji. Lakini nilikuwa na kitu kifuani ambacho sikulijua jina lake.

Kilikuwa kinaanza nikiinama. Asubuhi ile rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya ghala la pamba inagongwa, tunakwenda shamba la kijiji, tunajipanga, tunainama na majembe. Nikifika tuta la tatu au la nne, moyo unaruka mara moja, pu, halafu unaondoka. Siyo kama kupanda mlima. Ukipanda mlima moyo unaongeza mwendo kidogo kidogo kama mtu mwenye adabu. Huu wangu ulikuwa unaondoka kama ng'ombe aliyeumwa na nyuki, na shingoni mishipa inaruka kama samaki wa furu waliomwagwa kwenye kapu. Macho yanaingia giza, nakaa chini. Nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Halafu unaacha wenyewe, ghafla vilevile ulivyoanza, kama mtu amefunga mlango.

Na ukishaacha, nabanwa na haja ndogo. Siyo haja ya mtu, ni haja ya ng'ombe. Naenda kichakani, narudi, naenda tena. Sasa fikiria watu wanaopalilia juani wanavyoniona. Nimelima matuta matatu, nimekaa chini saa nzima, halafu nainuka mzima kabisa, naanza kutembelea vichaka.

"Amemaliza kupumzika, sasa anatalii," alisema balozi wetu wa nyumba kumi, na mstari mzima ukacheka.

Balozi huyo alikuwa rika la mume wangu, kwa hiyo aliniita shemeji. Alikuwa na suruali moja ya kaki na daftari moja, na vyote viwili alivitunza vizuri. Tulisoma naye kisomo cha watu wazima, yeye akikaa nyuma yangu na kunakili ubaoni kwa kupitia begani kwangu. Alipopewa ubalozi nadhani alisahau hilo.

Zahanati nilikwenda mara nne. Kutoka kwetu ilikuwa mwendo wa saa moja na zaidi, na moyo wangu ulikuwa na tabia mbaya: ukiona zahanati, unatulia. Mganga ananipima, ananitazama, anasema, "Mama, moyo wako ni mzuri kuliko wangu." Narudi na moyo mzuri kuliko wa mganga, kesho yake tuta la tatu naanguka.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenikata zaidi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkali kama wembe mpya, na sijapata kumwona amekaa bila kitu mkononi. Aliwaambia majirani nikiwa nasikia, "Mkamwana wangu ana ugonjwa unaojua jembe. Haujamkuta kwenye sufuria hata siku moja."

Hilo lilikuwa uongo. Ulishanikuta kwenye sufuria, nikiinama kuchochea moto. Lakini siku hiyo ugali uliungua, na ugali ulioungua hautetei mtu.

Tena kulikuwa na hili la kuzaliwa kwangu Butiama. Kila mtu aliona ni aibu mara mbili. "Kwenu ndiko Ujamaa ulikotoka," walikuwa wananiambia, "sasa wewe umetoka na nini?" Mimi nilikuwa nimetoka na sanduku moja la bati na vyungu viwili, lakini siyo hicho walichouliza.

Mwaka ule, pamba ikiwa inaanza kupasuka, mama mkwe alikaa na wazee wa ukoo. Wakakubaliana kwamba mavuno yakiisha nirudishwe Butiama kwa baba yangu, nikafundishwe kazi upya. Watoto wangebaki. Mume wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na siku hiyo hakutumia hata moja. Nilipomuuliza alisema, "Ni mama."

Basi nikaenda kwa balozi, nikamwambia nataka ruhusa ya kwenda hospitali Musoma.

"Shemeji," akasema, "zahanati imekupima mara nne. Musoma watakupima nini, uvivu?"

"Wapime chochote. Wakikuta ni uvivu nitarudi na barua inayosema hivyo, mtaisoma mkutanoni."

Alipenda neno barua. Akaniandikia ruhusa ya siku nne, akaigonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri.

Nilipanda lori lililoleta magunia ya pamba kutoka Bunda na lililokuwa linaendelea Musoma. Nikafikia Mwisenge kwa shangazi yangu. Asubuhi nikaenda hospitali, nikakaa kwenye benchi mpaka jua likawa utosini. Siku ile ya kwanza waliniambia yale yale: moyo mzuri. Siku ya pili wakaniambia kuna daktari mgeni, amekuja na mashine yake, anapita tu, nimngoje. Sikuwa na matumaini. Nikaingia, nikaambiwa nivue viatu nipande kitandani.

Nikainama kufungua kandambili iliyofungwa kwa waya.

Pu.

Sijawahi kufurahia ugonjwa, ila siku ile nilifurahi. Nilimshika nesi mkono, nikamwambia, "Huyo! Ameanza! Msimwache aondoke!"

Walinilaza haraka. Yule nesi alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuswagia ng'ombe, mzaliwa wa upande wa mpakani kule Sirari. Akanibandika vikombe kifuani vya kufyonza, kama pembe ya kuumikia, na nyaya zimetoka humo zimeingia kwenye sanduku. Sanduku likaanza kutema karatasi. Karatasi ndefu, ina mstari unaopanda na kushuka, unapanda na kushuka, umebanana kama mwandiko wa mtu aliyeanza kisomo jana. Daktari akaitazama, akatabasamu kama mtu aliyeopoa sato mkubwa. Akaongea Kiingereza muda mrefu. Nesi akamsikiliza, akanigeukia.

"Anasema ni umeme."

"Umeme gani? Sisi kijijini hatuna umeme."

"Umeme wa moyo, mama. Kila mtu anao. Ndio unaousukuma moyo upige. Hata ng'ombe anao."

"Kama kila mtu anao, mbona tunatumia koroboi?"

Nesi akamtafsiria daktari. Daktari akacheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeuliza swali.

Daktari akaanza tena, safari hii akichora kwenye kipande cha karatasi. Nesi akatazama mchoro, akafikiri, halafu uso ukamng'aa.

"Sikiliza, mama. Umeme wa moyo una barabara yake moja ya halali. Inatoka juu inakwenda chini. Katikati kuna kizuizi, kama cha polisi. Umeme ukifika pale unasimama kidogo, unakaguliwa, unaruhusiwa, unapita. Ndiyo maana moyo unapigaga taratibu. Wewe umezaliwa na njia nyingine pembeni. Haina kizuizi, haina polisi. Siku umeme wako ukiigundua, unashuka kwa barabara, unapanda kwa njia hiyo, unashuka, unapanda, unazunguka tu. Moyo unaufuata, utafanyaje? Hiyo ndiyo njia ya panya. Unaijua njia ya panya?"

Nani hakuijua? Nchi nzima ilikuwa haina sabuni, haina sukari, na kila kipande cha sabuni ya mche kilichoonekana mkoani Mara kilikuwa kimepita usiku kwenye vichaka vya mpakani. Njia hizo ndizo zilizoitwa za panya. Nesi kwao ndiko huko, alizijua kama alivyojua jina la mama yake. Na mimi nakuambia, hakuna mwalimu aliyewahi kunieleza kitu nikakielewa haraka hivyo. Nililala pale na nyaya zangu nikauona moyo wangu wote: barabara, kizuizi, na umeme wangu mhuni unachepuka porini.

"Sasa ifungwe," nikasema.

"Hapa hatuna cha kuifungia. Ila tutakufundisha kuusimamisha. Vuta pumzi. Fumba mdomo. Ziba pua. Sasa sukuma kama unazaa."

"Mbele ya huyu mwanaume?"

"Mama, unataka kupona au unataka heshima?"

Nikasukuma. Nimezaa wanne, kazi hiyo naijua. Nilisukuma mpaka masikio yakalia. Mara ya kwanza haikuwa kitu. Mara ya pili, nikasikia kifuani kimya. Kimya kabisa, kama kijiji kikisikia gari la polisi. Halafu, tu. Halafu, tu. Tu. Tu. Karatasi ikatoka na mwandiko mzuri, wenye nafasi katikati.

Daktari akapiga makofi. Mimi nikauliza choo kiko wapi.

Nilimwambia nesi habari ya shamba la kijiji, ya uvivu, ya mama mkwe na Butiama. Akasonya kwa niaba yangu, akachukua kalamu akaniandikia barua ya balozi. Wagonjwa walikuwa wamejaa nje, akaandika wima, haraka haraka, akaibandika kwa gundi. Sikuifungua. Barua haikuwa yangu, ilikuwa ya balozi, na mimi nililelewa.

Hapo ndipo kosa langu lilipo.

Nilimkuta balozi mbele ya ghala na watu kama kumi na tano wanaosubiri kupimiwa pamba, mama mkwe akiwa mmoja wao. Balozi akaipokea barua kwa mikono miwili, akakohoa, akaisoma kwa sauti. Alisoma kama tulivyofundishwa, neno kwa neno, kila moja analishusha chini kabla ya kubeba lingine.

"Kwa balozi. Mama huyu. Tumempima. Moyoni. Ana. Njia ya panya."

Akasimama. Akarudia kimoyomoyo, midomo ikicheza. Akaendelea, sauti imebadilika.

"Siyo mvivu. Njia hiyo. Amezaliwa nayo. Hapa kwetu. Hatuwezi kuifunga. Siku ikianza kupitisha, apumzishwe kazi."

Hakuna aliyecheka. Kuku mmoja alipita, nakumbuka kila mtu alimtazama.

"Shemeji," balozi akasema polepole, "serikali inajua?"

"Inajua nini? Ni moyo wangu, unakwenda mbio."

"Lazima uende mbio. Mwenye hatia moyo wake hutulia?"

"Balozi, soma vizuri. Imeandikwa moyoni."

"Nimesoma. Moyoni ana njia ya panya. Maana yake siyo kwamba umeshawishiwa na mtu. Unaipenda mwenyewe, kwa moyo." Akaikunja barua akaiingiza kwenye daftari. "Na hospitali inataka siku unayopitisha mali tukupe mapumziko! Hii itakwenda kwa mwenyekiti. Jumamosi kuna mkutano."

Nilijaribu kueleza umeme. Nilipofika kwenye kizuizi cha polisi na jinsi ya kukikwepa, nikaona nazidi kujichimbia shimo.

Kwa hiyo nilikwenda Musoma nikiwa mvivu, nikarudi mhujumu uchumi. Mvivu anarudishwa kwao. Mhujumu anapelekwa polisi Bunda, na wahujumu wa wakati ule ilikuwa nadra kuwaona wamerudi mapema.

Lakini watu ni watu. Siku iliyofuata niko kisimani, mke wa jirani akanisogelea, ndoo yake imejaa zamani na haondoki. "Dada," akasema akitazama maji, "hiyo njia yako, sabuni ya mche inapita?" Kabla sijajibu alifika mwingine, yeye alitaka khanga, siyo nyekundu. Kufika jioni walikuwa saba. Mmoja alikuwa mke wa balozi. Alitaka sukari kilo mbili na nyavu za dagaa kwa kaka yake aliyekuwa Kiriba. Nilimwambia sina njia yoyote, ni moyo tu. Akanikonyeza. "Ndiyo, hivyo hivyo useme," akasema. "Hata Jumamosi useme hivyo."

Na mama mkwe! Huyo ndiye aliyenishinda. Nilitegemea anitupie vyombo nje. Aliniletea bakuli la michembe ya viazi yenye karanga. Akakaa, akanitazama miguu.

"Kutoka hapa mpaka Sirari," akasema, "ni mwendo wa siku ngapi?"

"Mama, sijawahi kwenda Sirari."

"Siku mbili kwa mtu mwenye nguvu. Na mzigo kichwani. Na kurudi." Akatikisa kichwa. "Mimi niliambia watu mvivu. Mvivu gani anatembea hivyo? Wale wazee wa ukoo nitawaambia walinishauri vibaya."

Unaona nilipofikishwa. Mtu pekee aliyeniona mchapakazi aliniona hivyo kwa kosa ambalo sikulitenda, na nikilikana narudi kuwa mvivu wake. Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini. Nilimwuliza, "Na wewe unaamini?" Akachonga kidogo. "Kama una sabuni," akasema, "ungeanzia nyumbani."

Jumamosi mkutano ulifanyika kwenye kivuli cha ghala. Mwenyekiti wa kijiji alikaa mezani, katibu pembeni na daftari la kumbukumbu, na pembeni kabisa bwana mifugo, kijana mrefu wa serikali aliyekuja kusema habari za josho na begi lake la kazi. Mgambo wawili walisimama nyuma yangu. Mmoja wao mke wake alikuwa ameniagiza khanga.

Balozi akasoma barua. Safari hii aliisoma vizuri, alikuwa amefanya mazoezi.

"Andika," mwenyekiti akamwambia katibu. "Mama huyu amekutwa na njia ya panya, ambayo amezaliwa nayo." Akanigeukia. "Ulizaliwa wapi, mama?"

"Butiama."

Kalamu ya katibu ilisimama.

Mwenyekiti alimtazama katibu. Katibu alimtazama balozi. Balozi alitazama suruali yake. Nilielewa baadaye walichokuwa wanafikiri: kumbukumbu zile zilikuwa zinakwenda tarafani, zinakwenda wilayani, na nani anajua zinaishia kwenye meza gani. Na ndani yake imeandikwa kwamba njia ya magendo imezaliwa Butiama.

"Futa," mwenyekiti akasema.

"Nifute Butiama au nifute njia?" katibu akauliza.

"Futa kuzaliwa. Weka amekutwa tu."

"Barua ya serikali inasema amezaliwa nayo, mwenyekiti."

"Basi weka alizaliwa hapa."

"Mimi sikuzaliwa hapa," nikasema. "Nimezaliwa Butiama, baba yangu yupo, kamwulizeni."

Wakaanza kubishana watatu. Mimi nilikuwa nimesimama nje ya kivuli tangu asubuhi, na nimechoka, na nina hasira. Kitambaa kikanidondoka. Nikainama kukiokota.

Pu.

Nikakaa chini pale pale, mbele ya meza. Minong'ono ikaanza. "Anajifanya," mtu akasema. "Ndiyo tabia yake," akasema mwingine.

Nikamwita bwana mifugo. "Kijana wangu, wewe unayo ile mipira ya masikioni unayosikilizia ng'ombe?"

"Ninayo, mama. Lakini ni ya ng'ombe."

"Mimi ni kupe wao hawa. Kupe na ng'ombe ni ndugu. Sikiliza."

Akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatikisa kichwa kwamba haya. Kijana akapiga magoti, akaweka kile chuma kifuani juu ya gauni, kwa adabu, uso ameugeuzia pembeni. Halafu akaugeuza haraka. Akatazama saa yake. Akaanza kuhesabu, midomo ikikimbia, akaacha.

"Haihesabiki," akasema.

"Jaribu tena," mwenyekiti akaamuru.

"Mwenyekiti, mimi nimesikiliza ng'ombe aliyekimbizwa na fisi. Nimesikiliza mbuzi anayezaa. Huyu mama amekaa chini, hajakimbia popote, na moyo wake ni cherehani!"

Hapo watu wakasimama. Balozi akasogea, nikampa mkono, nikamwonyesha pa kushika. Alishika, macho yakamtoka. Akauacha kama ameshika samaki kamongo.

"Sasa nausimamisha," nikasema. "Kijana, usiondoe masikio."

Nikavuta pumzi, nikafumba, nikaziba pua, nikasukuma. Sitaki kusema nilikuwa na sura gani. Wanawake waliozaa walielewa ninachofanya, wakaanza kunisaidia: "Sukuma, mama! Sukuma! Kaza!" Bibi mmoja kiziwi akauliza ni mtoto wa ngapi.

Mara ya pili kikaja kile kimya.

Mimi nilikijua. Kijana wa watu hakukijua. Alikuwa amekaza masikio kwenye cherehani, na cherehani ikakatika. Akaruka nyuma akaangukia miguu ya mwenyekiti.

"Amekufa!" akapiga kelele. "Mama huyu amekufa!"

Nusu ya mkutano ilishaondoka kabla sijafungua mdomo. Mgambo wa khanga alikuwa wa kwanza, na bunduki yake aliiacha.

"Nimekufa wapi?" nikasema. "Rudi usikilize."

Akarudi akitambaa. Akasikiliza. Jasho lilikuwa linamtoka. "Unapiga," akanong'ona. "Taratibu. Kama wa mtu."

"Hiyo ndiyo njia ya panya," nikasema. Na kwa vile waliobaki sasa walikuwa wanasikiliza, nikaeleza mara moja tu, kama nesi alivyonieleza: barabara, kizuizi, njia ya pembeni. Umeme, siyo sabuni. "Nesi aliyeandika kwao ni mpakani, akatumia neno la kwao. Na kama kuna mtu bado anataka kunipeleka Bunda, nitakwenda. Lakini kwanza nitataja walionijia kisimani wiki hii kuagiza mali, mmoja mmoja, na walichoagiza."

Sijawahi kuona watu wazima wengi hivyo wanatazama ardhi. Balozi alimtazama mke wake. Mke wake alitazama ghala.

"Mkutano umefungwa," mwenyekiti akasema. Halafu akamwambia katibu aandike hivi, nami niliisoma mwenyewe baadaye: Njia imekaguliwa na mtaalamu wa mifugo, imeonekana iko ndani ya mwili, haipitishi bidhaa. Mhusika siyo mvivu.

Maneno matatu hayo ya mwisho niliyasoma mara nyingi.

Nilirudi nyumbani nikiwa natembea polepole, na mama mkwe nyuma yangu. Nilijua amehuzunika. Alikuwa amepata mkamwana shujaa wa siku sita, sasa amebaki na mgonjwa. Tulipofika kwenye mihogo akanishika mkono, akanivuta pembeni, akatazama huku na huku kama yeye ndiye mwenye magendo.

"Kile kimya," akasema. "Kile alichokisikia yule kijana. Kinakuwaje?"

"Kama moyo umesahau."

"Umesahau, halafu unapiga mmoja mkubwa?"

Nikamtazama. "Mama, umejuaje?"

Akafungua khanga kidogo, akauchukua mkono wangu akauweka chini ya ziwa la kushoto, kwenye mbavu. Alikuwa mwembamba, moyo ulikuwa karibu kabisa. Ulipiga mitatu, ukasahau, ukapiga mmoja wa nguvu. Ukapiga mitano, ukasahau.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipozaa huyo mumeo."

"Zaidi ya miaka thelathini! Na hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mama mkwe wangu alikuwa mkali."

Alisema hivyo bila kucheka, na mimi sikucheka, kwa wakati ule. Nikaendelea kuhesabu. Nilihesabu mpaka nikawa na hakika, halafu nikamfunga khanga yake vizuri.

"Jumatatu tunakwenda Musoma," nikamwambia. "Na barua nitaifungua mimi kabla ya mtu mwingine yeyote."